Mtumbwi Mkubwa wa Mbao na Turubai Uliolala Bandani: Namna ya Kuutafutia Mwenyewe Mpya

Ukinunua nyumba ya zamani kando ya ziwa huko Maine, New Hampshire au Ontario, au ukipewa kazi ya kusafisha kambi ya watoto iliyofungwa, usishangae kuukuta umelala juu ya maboriti ya banda: mtumbwi mrefu wa mbao uliovikwa turubai, rangi imebambuka, kiti kimoja hakipo, na ndani panya wamejenga. Waswahili wenzetu wa Portland na Lewiston, Maine, wanaofanya kazi za kusafisha nyumba na kutunza majengo watakutana nao siku moja. Mwenye nyumba atasema, "Utoe tu." Kabla hujautoa, soma hapa.

Mtumbwi mdogo wa futi 16 hausumbui. Hata ukiwa umeoza nusu, kuna mtu ataufuata. Mkubwa ndio wenye kazi. Hapa nazungumzia aina tatu. Ya kwanza ni ile ya futi 18 hadi 20 waliyotumia waongoza wageni wa Maine kwenye mito kama Allagash na Penobscot. Ya pili ni ya mizigo: mipana, yenye kina, mingine imekatwa bapa nyuma ili ifungwe injini. Ya tatu ni mirefu kabisa, futi 25 hadi 35, ambayo kambi za watoto na vilabu viliita "mitumbwi ya vita" ingawa haikuona vita yoyote. Ilibeba watoto kumi na zaidi wakipiga kafi na kuimba.

Shida ya mitumbwi hii haipo kwenye bei, na hapo ndipo wengi wanapopoteza mwaka mzima. Wanaupandisha bei, wanaushusha, mwisho wanautoa bure, na bado hakuna anayekuja. Mtu anayeupenda anaweza kuwa na hela na asiwe na mahali pa kuuweka. Kwa hiyo unachotafuta ni mtu mwenye paa refu, trela ndefu, na mikono ya kufanya kazi kwa miaka miwili mitatu. Mwongozo wote huu umejengwa juu ya hilo.

Kwanza, uokoe usizidi kuoza

Utafutaji unaweza kuchukua miezi, na majira ya baridi hayasubiri. Uinue kutoka ardhini leo. Ulaze kifudifudi juu ya vigoda viwili vya seremala, kila kimoja kama robo ya urefu kutoka kwenye ncha. Mtumbwi wa futi 25 na kuendelea uongezee egemeo la tatu katikati, la sivyo utapinda mgongo. Uzito ukae kwenye kingo zote mbili sawasawa.

Kama hakuna banda, funika kwa turubai la plastiki lililotandazwa juu ya fremu, lisigusane na mtumbwi, pande zikiwa wazi ili upepo upite. Kuufunga kabisa kwa plastiki ni kuupikia ukungu. Theluji nayo ikikaa juu ya mtumbwi mpana huvunja mataruma (zile mbavu za mbao zilizopindwa ndani yake), kwa hiyo ifagie.

Mambo mawili usiyafanye. Usipige msasa rangi iliyokauka: rangi za zamani, na mara nyingi hata ule ujazo uliopakwa kwenye turubai kuziba nyuzi zake, zilikuwa na risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Na usianze kuutengeneza kwa nia njema. Ubao uliopigiliwa kwa skrubu za chuma, au faibaglasi iliyopakwa juu ya mbao, humfukuza mnunuzi kuliko tundu lenyewe.

Ujue umeshika nini

Utengenezaji huu ulikomaa Maine katika miongo ya mwisho ya karne ya 19. Umbo na wazo vilitoka kwenye mitumbwi ya magome ya mti ya Wabanaki, wenyeji wa asili wa eneo hilo, wakiwemo Wapenobscot wa hapohapo. Mafundi kama Evan Gerrish wa Bangor na E. M. White wa eneo la Old Town wakabadilisha gome kwa turubai. Baadaye kampuni ya Old Town ikawa kubwa kuliko wote, na upande wa Kanada kulikuwa na Chestnut ya Fredericton, New Brunswick, iliyofungwa mwaka 1979, pamoja na viwanda vya Peterborough, Ontario.

Mtumbwi unajengwa kifudifudi juu ya kalibu imara yenye mikanda ya chuma. Mataruma ya mwerezi hulainishwa kwa mvuke na kupindwa juu ya kalibu, kisha mbao nyembamba, za mwerezi pia, hupigiliwa juu yake kwa misumari midogo ya shaba. Ncha ya msumari ikigonga mkanda wa chuma inajikunja na kurudi ndani ya taruma, na haitoki. Mwisho turubai la pamba huvutwa likakaza, likajazwa, likapakwa rangi. Faida yake ni kwamba kila kipande kinaweza kutolewa na kuwekwa kingine. Turubai lenyewe ni kama nguo: linachakaa baada ya miongo michache na kubadilishwa. Kwa hiyo usiogope turubai lililopasuka, wala usiliandike kwenye tangazo kama aibu. Mnunuzi anayejua alikuwa tayari amepanga kulitoa.

Sasa tafuta namba. Chukua tochi na brashi laini, ingia ndani ya ncha moja, chini kabisa, ambako fashini (ule mti uliopindwa kwenye ncha) unakutana na sakafu. Futa vumbi taratibu. Mitumbwi ya Old Town ina tarakimu zilizogongwa kwenye mbao hapo, kisha nafasi, kisha urefu kwa futi. Ncha ya pili huwa na namba ileile, kwa hiyo upande mmoja ukiwa umeoza jaribu wa pili. Zikiwa zimefifia kwa vanishi, mulika tochi kutoka pembeni; kivuli kitazichora.

Namba ya Old Town ina thamani kubwa kwa sababu kadi za kiwandani zimehifadhiwa na kupigwa picha. Kadi huonyesha aina ya mtumbwi, mbao zilizotumika, rangi ya kwanza, tarehe ulipokamilika na mahali ulikopelekwa. Wanachama wa Wooden Canoe Heritage Association, chama cha wapenzi wa mitumbwi hii kilichoanzishwa mwaka 1979, hukutafutia kadi yako ukiwapa namba na urefu. Kadi peke yake, ikisema mtumbwi ulipelekwa kwenye kambi fulani miaka ya 1920, huweza kukupatia mwenyewe mpya, maana waliopita kambi hiyo, au wajukuu wao, wapo.

Usipopata namba, pima: urefu wote, upana wa katikati, kina cha katikati, upana wa taruma moja, na nafasi kati ya taruma na taruma. Piga picha vile vibao vya pembetatu vinavyofunika ncha kwa juu, umbo la viti na vichwa vya skrubu. Wajuzi hutambua fundi kwa vitu hivyo, hata bila lebo.

Ukague kama fundi atakavyoukagua

Hatua hii usiifupishe. Mtu aliye mbali kwa saa sita za gari ataamua kwa picha zako, na picha za mtumbwi mzima uliowekwa kwenye majani mabichi hazimwambii lolote.

Anza kwenye ncha. Mtumbwi uliohifadhiwa ukigusa ardhi, au ulioingia maji yakatuama, huoza pale kwanza: fashini, vibao vya ncha, na mwisho wa kingo. Bonyeza kwa bisibisi nyembamba. Mbao nzima inakurudishia mkono. Iliyooza inaimeza ncha ya bisibisi kimyakimya. Weka alama ya chaki palipolegea na upige picha ukiwa na rula kando.

Nenda kwenye vichwa vya mataruma, chini ya kingo, pande zote. Vikiwa vyeusi na laini, hesabu ni vingapi. Mataruma yaliyovunjika katikati yahesabu pia, na useme yamevunjika wapi. Kumi kati ya sitini ni kazi ya kawaida. Arobaini kati ya sitini ni karibu kujenga upya, na anayenunua anastahili kujua hivyo kabla hajawasha gari.

Kisha umbo. Simama nyuma ya ncha moja, funga jicho, angalia mstari wa mgongo hadi ncha ya pili. Kama katikati umejikunja kuelekea ndani, au kingo zimesogeleana kwa sababu mbao za kukingama (zinazounganisha ukingo na ukingo) zimetoka, andika. Umbo likiwa zima, kazi yote iliyobaki ni ya uvumilivu. Umbo likipotea, fundi atahitaji kalibu, na kalibu ya mtumbwi wa futi 30 haipatikani kila mahali.

Mwisho, gonga kwa kucha kwenye ngozi ya nje. Turubai lina sauti ya kitambaa kilichokakamaa. Sauti kali kama ya sahani ngumu ni faibaglasi. Kuiondoa ni kazi ya kuipasha joto na kuikwangua kidogokidogo, mara nyingine ikitoka na vipande vya mwerezi. Mtumbwi wenye faibaglasi haukosi mtu, ila ni mtu mwingine na bei nyingine.

Picha zinazotosha: mzima kutoka pembeni, mzima kutoka juu ndani, kila ncha ndani na nje, namba, kiti kimoja kwa karibu, na kila ubovu. Ubovu upige picha zaidi ya uzuri.

Bei

Kwa fundi wa kulipwa, kurudisha mtumbwi wa kawaida wa futi 16 au 17 kwenye hali yake hugharimu maelfu kadhaa ya dola. Mkubwa hugharimu zaidi. Mtumbwi uliokwisha kutengenezwa vizuri nao mara nyingi hauuzwi kwa fedha inayorudisha gharama hiyo. Hesabu hii mnunuzi ameifanya kabla yako. Ndiyo maana mtumbwi mkubwa wa kutengeneza, hata wa kampuni yenye jina, huuzwa kwa mamia machache ya dola, au hutolewa bure.

Binafsi napendelea bei ndogo kuliko bure. Neno "bure" huleta watu wanaotaka kuupandia maua uwanjani, au kuukata nusu uwe rafu ya vitabu kwenye baa. Bei ya mia moja, mia mbili, huwapunguza. Anayeupenda kweli akikosa hiyo mia mbili, mpunguzie.

Kuna vighairi: mtumbwi wenye kadi ya kiwandani, mbao za daraja la juu, rangi ya asili ikiwa bado ipo, au ulio wa mafundi wa mwanzo kabisa. Ukishuku uko na wa namna hiyo, waulize wajuzi kabla hujataja bei. Usiupeleke kwa mnunuzi wa kwanza aliyekuja mbio na fedha mkononi. Aliyekuja mbio anajua usilolijua.

Tangazo

Tangazo lenyewe utaliandika kwa Kiingereza, na Quebec kwa Kifaransa, lakini mpangilio wake uwe hivi. Huu ni mfano wa kubuni:

*Mtumbwi wa mbao na turubai, futi 25, upana inchi 44 katikati. Namba inasomeka ncha zote mbili, picha ipo. Ulikuwa wa kambi, umehifadhiwa ndani ya banda kavu. Fashini moja imeoza inchi 8 za juu. Mataruma 9 yamevunjika, vichwa 14 ni laini upande wa kushoto. Umbo lipo sawa. Viti viwili kati ya vitano vipo. Turubai halifai. Hauna faibaglasi. Unahitaji trela na watu wanne wa kuubeba; sisi tupo wawili. Naweza kuutunza hapa hadi mwisho wa Oktoba. Dola 200, au tuzungumze kama utautengeneza.*

Sentensi kuhusu watu wanne na ile ya mwezi wa Oktoba ndizo zinazochuja. Mtu asiye na trela anaacha kuandika, na mwenye trela anajua ana muda wa kupanga safari. Usiandike "ni rahisi kutengeneza". Anayejua atakucheka, asiyejua atakuja kukulaumu.

Uutangaze wapi

Facebook Marketplace na Craigslist weka, kwa sababu jirani mwenye banda anaweza kuwa kilomita tano tu. Lakini nguvu yako ipeleke kwingine.

Chama nilichokitaja kina matangazo ya mitumbwi na matawi katika maeneo mengi ya Marekani na Kanada. Mkutano wake wa kila mwaka huwakusanya mafundi wenye trela, na mara nyingi umefanyika Paul Smith's College, kwenye milima ya Adirondack, New York. Ukipata anayesafiri kwenda huko akipitia kwako, umeokoa nusu ya shida ya usafiri.

Kambi za watoto ni mlango wa pili, na kwa mitumbwi mirefu mimi ningeanzia hapo. Zipo ambazo mpaka leo hupeleka vijana safarini kwa mitumbwi ya mbao na turubai na kuitengeneza wenyewe: Keewaydin, iliyoanza mwaka 1893 na yenye kituo kwenye Ziwa Temagami huko Ontario, na Widjiwagan ya Minnesota kaskazini. Hata kambi isiyotumia mbao tena inaweza kuutaka ule uliokuwa wake. Waandikie majira ya baridi, wakati wana nafasi ya kusoma barua. Julai wako majini.

Shule za ufundi wa boti nazo huhitaji vitu vibovu, maana mwanafunzi hawezi kujifunza kubadilisha taruma kwenye mtumbwi mzima. Zipo North House Folk School huko Grand Marais, Minnesota, Urban Boatbuilders ya St. Paul, jimbo hilohilo, inayofanya kazi na vijana, na The Apprenticeshop ya Rockland, Maine. Waulize kwanza; nafasi zao nazo zina mwisho.

Makumbusho usiyategemee. Canadian Canoe Museum ya Peterborough, iliyohamia jengo jipya mwaka 2024, ina zaidi ya vyombo 600. Hawahitaji wa 601 unaofanana na walionao. Waandikie pale tu mtumbwi wako una historia iliyoandikwa: fundi, mwenyewe, safari, picha za zamani. Nchini Marekani, ukitoa sadaka kwa taasisi inayotambuliwa na sheria ya kodi na unataka kupunguziwa, thamani ikizidi dola 500 kuna fomu ya ziada, na ikizidi 5,000 unatakiwa kuwa na tathmini ya mtaalamu. Usijipangie thamani mwenyewe.

Uchague nani aupate

Simu zitakuja za aina mbili. Wa kwanza huuliza, "Bado upo? Bei ya mwisho?" Wa pili huuliza upana wa taruma, au kama ulihifadhiwa kifudifudi. Mtafute wa pili.

Nawe muulize maswali yako kwa utulivu. Utauweka wapi, na pana urefu gani? Ulishatengeneza mmoja? Ukishindwa, utampa nani? Hilo la mwisho ni muhimu, kwa sababu mitumbwi mingi mikubwa hupita mikono mitatu minne kabla ya kupata anayeimaliza. Aliyekwama kwa heshima akautunza mahali pakavu amefanya kazi nzuri kuliko aliyeubomoa kwa pupa. Kama ni kijana asiye na uzoefu lakini baba mkwe wake ana karakana, mimi ningempa.

Ukipata wawili sawa, mpe wa karibu. Kila kilomita ya barabara ni nafasi ya kuvunjika.

Siku ya kuuchukua

Mtumbwi wa futi 20 unakaa juu ya gari lenye reli imara, kifudifudi, ukifungwa kwa mikanda miwili ya katikati na kamba mbele na nyuma. Kuanzia futi 25, trela ndefu ya boti au ya mbao ni lazima, yenye boriti zilizofungwa blanketi. Kitambaa chekundu kifungwe nyuma kwa sehemu iliyochomoza. Kila jimbo lina kipimo chake, na dereva akiangalie cha majimbo yote atakayopita. Fashini ikiwa imeoza, kamba isifungwe pale, itang'oka njiani. Ifungwe kwenye mbao za kukingama zilizo nzima, na kama hazipo piga mbao mbili za muda kutoka ukingo hadi ukingo.

Kusanya vilivyoanguka. Vipande vya mbao, ncha ya fashini iliyooza, kiti kilichovunjika, skrubu za shaba: vyote ndani ya mfuko, na mfuko ndani ya gari, si ndani ya mtumbwi. Kipande kilichooza ndicho kiolezo cha kipya. Wengi huvitupa wakidhani wanasafisha.

Mwandikiane hati ya mauziano, hata kwa dola moja: majina, tarehe, namba ya mtumbwi, na kwamba umeuzwa ulivyo. Majimbo kama Minnesota na Ohio husajili hata mitumbwi isiyo na injini, na hati hiyo ndiyo mwenyewe mpya ataipeleka. Mpe na nakala ya kadi ya kiwandani pamoja na picha za zamani za familia kama zipo.

Msimu ukiisha hajapatikana mtu

Rudia tangazo Machi, watu wanapoanza kuwaza maji. Jaribu kugawa: kiti, mbao za kukingama na vibao vya ncha vina watu wanaovihitaji kama violezo, lakini hilo lifanye pale tu mataruma na fashini zimekwisha kabisa. Kabla ya kuubomoa, mwombe mtu wa tawi la karibu la chama aje achukue vipimo vya umbo, hasa kama ni wa vita au wa fundi asiyejulikana. Kisha mwerezi mzima utoe kwa mwenye kutengeneza mwingine. Turubai na rangi vipeleke kwenye kituo cha taka kinachopokea vitu vyenye risasi. Usiuchome moto, hata ukiwa kijijini na mbali na majirani.